Mjusi Mwenye Jina la Ziwa: Shajara ya Mradi, Kigoma

Oktoba, mwisho wa kiangazi

Mradi umeanza rasmi. Sisi ni klabu ya mazingira ya sekondari ya kata, kwenye vilima vya upande wa Mwandiga: wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, mimi mwalimu wao wa baiolojia, na wakulima wachache waliokubali tupite kwenye mashamba yao. Tunatafuta mijusi wa mbio, wale wembamba ambao mkia wao unazidi mwili kwa mbali. Ukikanyaga njia ya shamba unaona vumbi limetimka pembeni, na ukigeuka hakuna kitu.

Nieleze kwa nini hao. Mwaka 1917 George Albert Boulenger, mtaalamu wa makumbusho ya Uingereza kule London, aliipa jina spishi mpya ya mjusi kutokana na sampuli ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Akaiita *Ichnotropis tanganicana*. Mwambao wa mashariki ndio huu wetu, kuanzia Kagunga mpaka kule Kasanga. Boulenger huyohuyo ndiye aliyeandika kuhusu samaki wengi wa ziwa hili. Kuhe tunayemla hapa kwa ugali wa muhogo, jina lake la kisayansi ni *Boulengerochromis microlepis*, yaani amebeba jina la huyo bwana. Migebuka naye alipewa jina na Boulenger, mwaka 1914. Samaki hao wawili kila mtoto wa Kigoma anawajua tangu hajaota meno. Mjusi aliyepewa jina la ziwa lenyewe, hapa kwetu simsikii akitajwa. Nimefundisha uainishaji wa viumbe miaka yote hii kwa mifano ya simba na twiga, wanyama ambao wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuwaona, na mfano ulio hai unakatiza mlangoni pa darasa. Hilo limeniuma vya kutosha. Ndiyo maana tumeanza.

Kanuni ya kwanza tumeibandika ukutani: hatushiki mjusi yeyote. Kukamata wanyamapori kwa utafiti kunataka kibali, na njia yake inapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Sisi hatuna kibali na kwa sasa hatukihitaji. Tunapiga picha, tunaandika saa, mahali, aina ya udongo, joto la ardhi, na alichokuwa anafanya. Vifaa ni simu zenye kamera nzuri, kipimajoto cha maabara, kioo cha kukuzia na kaunta buku moja nene.

Oktoba, mvua bado

Kabla ya kwenda shambani tumeanzia ukutani, maana hapo ndipo jicho linapofundishika.

Mjusi wa kahawia mwenye milia miwili myeupe mgongoni, anayeota jua kwenye ukingo wa dirisha la ofisi ya walimu, ni *Trachylepis striata*. Yuko karibu kila nyumba ya mji huu. Jike lake halitagi, linazaa watoto hai. Wanafunzi wamebishana nami juu ya hilo kipindi kizima na nimefurahi wamebishana. Kwenye michikichi nyuma ya bwalo yuko jamaa yake, *Trachylepis maculilabris*, mkia mrefu zaidi, midomo yenye madoa meupe kama ametoka kunywa maziwa. Huyu anataga. Wote wawili wana mbio, wote wana mikia mirefu, na wote wawili siyo tunaowatafuta.

Hapo ndipo kazi halisi ilipo. Ukiuliza mtu yeyote amwelezee mjusi aliyemwona, atakwambia rangi na mbio. Rangi inabadilika kwa umri, kwa jinsia, hata kwa joto la siku. Mbio wanazo wengi. Magamba ndiyo yanayosema ukweli. Familia ya Scincidae, ambamo wamo hao wawili, ina magamba yanayong'aa, yanayopandana mwili mzima, mgongo na tumbo vikifanana. Familia tunayoitaka, Lacertidae, kwa kawaida ina mgongo wa vigamba vidogo vidogo na tumbo lenye magamba mapana yaliyopangwa kwa safu. Halafu kuna alama ya pajani. Lacertidae wana safu ya vitundu upande wa chini wa paja, na vitundu hivyo hutoa nta yenye harufu wanayotumia kuachiana habari. Scincidae hawana kabisa. Ukiliona paja umemaliza ubishi. Shida ni kwamba mjusi mzima hakuonyeshi paja lake.

Tulimwandika pia mjusi dume mwenye kichwa cha rangi, jenasi *Agama*, anayesimama juu ya jiwe na kuinua kifua na kukishusha kutisha wenzake. Hatumfuatilii, ila ametupa somo moja zuri. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwapiga picha za kasi mijusi wa *Agama* wakiruka, wakaona kuwa mguu ukiteleza wakati wa kuruka, mjusi huinua mkia juu kurekebisha mwili hewani ili asitue kwa pua. Wakatengeneza hadi roboti yenye mkia kuthibitisha. Kijana mmoja wa kidato cha pili ametumia mapumziko mawili mazima akimwangalia dume wa ukuta wa maktaba akiruka kutoka dirisha hadi dirisha, na ameiona kwa macho yake.

Novemba, mvua za kwanza

Kumbikumbi wametoka. Nyumba nzima ya vichuguu vya nyuma ya uwanja imefunguka jioni, watoto wakaja na ndoo, na asubuhi yake kila mjusi wa eneo hili alikuwa nje ameshiba. Kwa mara ya kwanza tumewaona wale wa njia ya shamba wakisimama. Mjusi anayekula hana haraka sana.

Tulichoandika: udongo wa kichanga mwekundu, kati ya miombo iliyobaki na shamba la muhogo. Mjusi wa kahawia ya shaba, ubavu una mstari mweusi na chini yake mstari mweupe, mkia kama mara mbili ya mwili. Anakimbia mita mbili tatu, anasimama ghafla, anainua kichwa, anakimbia tena. Hapandi mti. Akifukuzwa anazunguka kichaka na kurudi upande aliotoka.

Kipimo cha mkia tunakipata bila kumgusa. Mtu anapiga picha, anabaki na simu palepale bila kuisogeza, mwenzake anakwenda kuweka rula mahali mjusi alipokuwa, picha ya pili inapigwa. Tukirudi darasani tunalinganisha. Sio kipimo cha maabara, lakini kinatosha kutenganisha mkia wa mara moja na nusu na mkia wa mara mbili.

Saa zao nazo zimeanza kujipanga. Saa mbili asubuhi unawakuta wa ukutani, hawa wa shambani bado. Wanaanza kutoka jua likishashika mchanga, kama saa nne hivi. Adhuhuri, mchanga wa njia ulipovuka nyuzi 50, hapakuwa na mjusi hata mmoja wazi, wote chini ya vichaka, wakichungulia. Mijusi wa familia hii wanapenda mwili wa moto kuliko jamaa zao wa ukutani, ndiyo maana wanachelewa kutoka na ndiyo maana wanakimbia vile. Msuli wa mjusi unategemea jua. Ukimkuta kabla hajapata joto lake anakwenda kwa kujikokota, na hapo ndipo nyoka wa jenasi *Psammophis*, wale wembamba wenye milia wanaowinda mchana kwa mbio, anapompata.

Novemba, wiki za mwisho

Mtaro wa msingi. Jirani mmoja anajenga juu kidogo ya shule, amechimba msingi halafu fedha ikasimama, kwa hiyo mtaro umebaki wazi. Kila asubuhi una vitu ndani yake: vyura, mende wakubwa weusi, jongoo, na mijusi. Watafiti wa mijusi duniani kote huzika ndoo ardhini kwa makusudi ili wanyama watumbukie wahesabiwe, na hapa tumepewa mtaro mzima bila kuchimba.

Tumeomba ruhusa, akakubali kwa sharti tusimbomolee kingo. Wanafunzi wa zamu wanapita kabla ya kengele. Wanapiga picha kutoka juu, wanaandika, halafu wanashusha ubao wa mteremko ili kila kiumbe apande mwenyewe. Tangu tuuweke ubao na kuuacha humo usiku, waliokufa wamepungua sana. Jirani naye amekuwa mdau. Ananipigia simu: "Mwalimu, njoo, leo yuko mmoja ana mkia mpaka nimestaajabu."

Mkia. Kuku wa mama mwenye duka alimfukuza mjusi mbele yetu, akabaki na mkia mdomoni, na mkia ule uliendelea kujipindapinda chini huku mwenyewe keshaingia kwenye rundo la matofali. Wanafunzi wakapiga kelele kwamba mjusi amekufa. Hajafa. Ndani ya pingili za mfupa wa mkia kuna sehemu dhaifu iliyopangwa tangu kuzaliwa, na misuli inapobana hapo mkia unaachia. Mishipa ya damu inajifunga papo hapo. Mkia mpya utaota, lakini hautakuwa na pingili za mfupa, utakuwa na fimbo ya gegedu, rangi yake itatofautiana kidogo na magamba yake hayatapangika vizuri. Gharama ni kubwa. Mafuta mengi ya akiba yako mkiani, na mjusi wa mbio aliyepoteza mkia amepoteza kitu kinachomsawazisha anapokata kona. Kwa hiyo tumeongeza safu kwenye kaunta buku: mkia wa asili, au ulioota upya. Bila safu hiyo, kipimo cha urefu wa mkia hakina maana yoyote.

Desemba

Leo nimeandika kwa mkono unaotetemeka kidogo, sio kwa baridi.

Usiku mvua kubwa, mtaro ukajaa maji, ubao ukaelea. Asubuhi kulikuwa na mjusi mmoja amezama. Alikuwa mmoja wa wale wa njia ya shamba. Kumwokota aliyekwisha kufa ndiyo nafasi pekee tuliyopata ya kulitazama paja. Tulimlaza juu ya karatasi nyeupe kwenye meza ya maabara, tukafungua madirisha yote, kioo cha kukuzia kikapita mkono hadi mkono.

Mgongo kwanza. Ukipitisha ukucha kutoka kichwani kwenda mkiani, haukwami. Ukirudisha kutoka mkiani kwenda kichwani, unakwaruza. Kila gamba lina umbo la almasi na katikati yake umepita ukingo mkali uliosimama, magamba yamepandana, kingo zote zimeelekea nyuma. Kwa Lacertidae hili si la kawaida, wengi wao wana mgongo wa vigamba laini kama shanga. Kichwa juu kina mabamba yenye mikunjo ya urefu. Shingo chini: wengi wa familia hii wana ukosi, mkunjo wa magamba makubwa unaozunguka koo. Huyu hana, magamba ya koo yanaendelea moja kwa moja mpaka kifuani. Tumbo jeupe, laini. Kidole cha nne cha mguu wa nyuma kirefu kupita vyote.

Halafu nikamgeuza paja. Vitundu vipo. Safu nzima, kutoka karibu na mkundu mpaka karibu na goti, kila kimoja kimezibwa na kipande kidogo cha nta ya njano. Msichana aliyeshika kioo alinyamaza muda mrefu kisha akaanza kuvihesabu kwa sauti.

Ukingo kwenye gamba, kutokuwa na ukosi, mikunjo ya kichwani, vitundu vya pajani. Vikikaa pamoja vyote vinne, vinaelekeza kwenye jenasi *Ichnotropis*. Tumeandika hivyo, na nafasi ya jina la pili tumeiacha wazi. Jenasi hii ina spishi kadhaa na kuzitenganisha kunataka kuhesabu magamba katikati ya mwili, kulinganisha mabamba ya chini ya jicho, na kuwa na sampuli za zamani za kulinganisha nazo. Picha zote zimepigwa kwa rula na kupandishwa iNaturalist, mtandao ambako watu huweka picha za viumbe na wenye ujuzi husaidia kuvitambua, kwa jina la jenasi tu. Kumtunza kwenye spiriti nalo ni jambo la kibali, kwa hiyo tukamfukia pembeni mwa uwanja. Jirani amekubali tufunge ubao kwa kamba.

Januari, shule zimefunguliwa

Wazazi wawili wamekuja kuuliza kwa nini watoto wao wanahangaika na mijusi, na kama hawataumwa wakafa. Swali la haki kabisa. Nimewaeleza kuwa mijusi hawa wadogo hawana sumu, wa ukutani na wa shambani, na kwamba chakula chao ni mchwa, panzi, buibui na viwavi. Mzee mmoja alikuwa na wasiwasi zaidi: "Mwalimu, mimi nimekua naambiwa ukimla kuku aliyemla mjusi unaumwa." Tukazungumza mpaka chai ikapoa. Aliondoka na kioo cha kukuzia mkononi kwenda kuangalia magamba ya mjusi wa kwenye dirisha lake kupitia kioo cha dirisha, akakirudisha kesho yake. Hiyo ni njia nzuri sana, tumeichukua: mjusi akipanda kioo cha dirisha, tumbo na paja unaviona ukiwa ndani bila kumsumbua.

Wiki hii tumetenga vipindi vya klabu kwa ndugu wa mbali. Familia ya Lacertidae ina spishi zaidi ya 300, Afrika, Ulaya na Asia. Nilitaka wanafunzi waone mjusi wa shamba la muhogo amekaa wapi kwenye ukoo huo.

Wa kwanza kubandikwa ukutani ni *Takydromus sexlineatus* wa kusini mashariki mwa Asia, mkia zaidi ya mara tatu ya mwili, hata anatembea juu ya majani ya nyasi uzito wake ukiwa umegawanywa na mkia. Pembeni yake *Latastia longicaudata*, mwenye mkia mrefu hata kwa jina, aliyeelezwa mwaka 1834, wa nchi kavu za kaskazini mwa Tanzania, Kenya, Ethiopia na kuendelea mpaka Yemen. Upande wa kusini yuko ndugu yake *Latastia johnstoni*, wa Malawi na Zambia. Hao wana ukosi shingoni, ndiyo maana ukosi tunauandika kila mara. Wa misitu ya Tanga na pwani ya Kenya ni *Gastropholis prasina*, kijani kitupu, mkia anautumia kushikilia matawi. Na Usambara kuna *Holaspis laevis*, bapa kama amekanyagwa, mkia una buluu, anaruka kutoka mti hadi mti akielea hewani.

Aliyeshinda mioyo ya darasa ni *Heliobolus lugubris* wa Kalahari. Watoto wake ni weusi wenye madoa meupe, na wanatembea wamekunja mgongo, miguu imekakamaa, polepole, jambo la ajabu kwa ukoo wa wakimbiaji. Mwaka 1977 watafiti Raymond Huey na Eric Pianka walieleza sababu: wanaiga mende wa ardhini mwenye madoa anayerusha tindikali, mdudu ambaye wanyama wengi hawamgusi. Wakikua wanageuka rangi ya mchanga na kuanza kukimbia kama wenzao. Afrika Mashariki tunaye ndugu yake, *Heliobolus spekii*, aliyepewa jina la John Hanning Speke, yule aliyepita Tabora na kufika Ujiji pamoja na Burton mwaka 1858. Mtaalamu Albert Günther ndiye aliyempa mjusi huyo jina, mwaka 1872.

Wa mwisho walikuwa *Darevskia*, mijusi wa miamba ya Caucasus. Mwaka 1958 mtafiti Ilya Darevsky alitangaza kuwa miongoni mwao wapo ambao ni majike matupu. Hakuna dume, majike yanataga na mayai yanatoa majike. Kipindi kiliisha, kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Maswali yao nimeyaandika kurasa za nyuma za kaunta buku kwa sababu ni mazuri kuliko maswali yangu: ugonjwa mmoja ukija si utawamaliza wote? Na dume wa jirani akija, itakuwaje?

Februari

Shamba la bibi mmoja juu ya korongo limekuwa kituo chetu bora. Analima muhogo na maharage, na pembeni ameacha miombo mikubwa isikatwe kwa ajili ya kivuli na uyoga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmefuata wakimbiaji wenu?"

"Ndiyo bibi. Wapo?"

"Wapo. Nikilima wananifuata nyuma ya jembe, wanaokota wadudu. Ila sasa hivi ni vitoto tu. Wale wakubwa wa wakati wa kupanda hawapo tena."

Nilimwomba arudie, nikaandika neno kwa neno. Kisha nikafungua kumbukumbu zetu: kweli, tangu katikati ya Januari kila tuliyempima shambani kwake alikuwa mdogo. Donald Broadley, mtaalamu wa mijusi na nyoka, alichunguza spishi mbili zinazoishi pamoja kusini mwa Afrika, wakati huo zote zikiitwa *Ichnotropis*: *capensis* na *squamulosa* (ya pili siku hizi imehamishiwa jenasi *Meroles*), na mwaka 1967 akaeleza kuwa maisha yao ni ya mwaka mmoja na kidogo tu. Wanaanguliwa, wanakua kwa kasi, wanapandana, wanataga, wanakufa. Tena spishi hizo mbili zimepishana majira: wakubwa wa moja wanakuwepo wakati wa pili bado ni watoto, kwa hiyo hawagombanii chakula cha ukubwa mmoja. Bibi wa watu hajasoma karatasi hiyo. Amelima shamba moja miaka mingi na ana macho.

Kwa mradi, maana yake ni kubwa. Mjusi anayeishi mwaka mmoja hana akiba ya wazee. Msimu mmoja mbaya, mayai yakiungua au yakifukuliwa, mahali hapo panaweza kubaki bila mjusi hata kama mwaka uliopita walikuwa wamejaa. Na mtu akija kuwatafuta mwezi usio wao, ataandika kuwa hawapo.

Nimemuuliza kuhusu moto. "Moto wa mwezi wa nane ndio unaofagia," akasema. "Ule wa mwezi wa tano unaruka ruka, unaacha majani." Watu wa misitu wanasema hivyohivyo juu ya miombo: moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, unapita kwa joto dogo na kuacha viraka, na moto wa mwisho wa kiangazi unapanda mpaka kwenye matawi. Tumezungumza naye na majirani zake wawili. Mwaka huu kingo za miombo zitachomwa mapema kwa zamu, na kipande kimoja hakitachomwa kabisa. Mwenyekiti wa kitongoji amelipokea.

Kijana aliyesoma hapa, sasa anafuga nyuki Sikonge, Tabora, ametuma picha kutoka njia ya mizinga. Moja ni *Trachylepis* bila shaka, anang'aa kuanzia pua mpaka mkia. Nyingine inasisimua: mchanga mweupe, mjusi mwembamba mwenye milia, mkia umetoka nje ya picha. Shingo imefichwa na jani. Nimemwomba arudi saa nne asubuhi, alale chini kwa tumbo, asubiri, asimfuate mjusi. Wanaofuatwa wanakimbia. Aliyelala chini bila kusogea, baada ya muda mjusi anampita usoni.

Machi

Fedha ya jirani imepatikana, msingi umejengwa, mtaro umekwisha. Ubao tumeuhamishia kwenye shimo la takataka la shule, lenye kuta zilizonyooka kama ule mtaro.

Klabu imepata chati ya ukutani iliyochorwa na wanafunzi wenyewe, michoro mitatu mikubwa: gamba la mgongo, shingo, paja. Hakuna rangi ndani yake, na hilo lilikuwa wazo lao. Wageni wakija wanaambiwa waanze kwa magamba. Watu wawili wanaoifahamu jenasi hii wamejibu kwenye iNaturalist, wamekubaliana na *Ichnotropis*, na wote wawili wameomba kitu kilekile: picha kali ya upande wa kichwa, bamba lililo chini ya jicho lionekane kama linagusa mdomo au la.

Hiyo ndiyo kazi ya Aprili na Mei, kabla nyasi hazijakauka. Vitoto vya Februari vitakuwa vimekua vya kutosha kupigwa picha ya kichwa. Zamu zimegawanywa: kundi la asubuhi kwa bibi juu ya korongo, kundi la Jumamosi njia ya Kibirizi upande wa ziwani, ambako udongo ni mwingine na hatujawahi kukaa saa nzima bila kusogea.

Kwa mliopo Kasulu, Uvinza, Buhigwe, Kibondo, na ng'ambo ya Malagarasi kuelekea Urambo na Kaliua: ukimwona mjusi wa ardhini anayekimbia, anasimama, anakimbia tena, usimkamate. Piga picha tatu ukiweza, kichwa kwa ubavu, shingo, na mgongo kwa karibu. Andika saa, mwezi, udongo ni wa aina gani, na kama shamba liliwahi kuchomwa mwaka huo. Ukimkuta amekufa kwenye shimo au barabarani, mgeuze paja kwanza, kisha weka rula pembeni yake na upige hapo.